Ndoo Kumi na Mbili za Msitu wa Juu

Wanangu mnaobaki na ndoo, siku ya kuniaga mlinisihi niandike kidogo juu ya kazi yetu. Haya, nimeanza. Yaliyotangulia kustaafu ni magoti yangu. Mimi nimeyafuata tu, maana bila hayo msituni sifiki. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imeanguka njiani, iokoteni wenyewe. Habari za vyeo na mshahara siandiki. Cheo changu kilikuwa Bibi, na nimeondoka nacho.

Kwa asiyetujua, kazi ilikuwa kuhesabu vyura, mijusi, vinyonga na nyoka katika misitu midogo iliyobaki juu ya milima yetu hii ya Umatengo. Kila msitu umekaa kileleni peke yake kama kofia, chini yake kahawa na mahindi, na mnyama wa kofia hii hawezi kuvuka mashamba kwenda kumsalimu wa kofia ile. Ndiyo maana, alisema Dakta Sabina, mtafiti wetu, huenda mlimani kwetu kuna chura ambaye hayupo mahali pengine popote duniani. Nikamjibu kwamba hata mimi sipo mahali pengine popote duniani, na hakuna aliyekuja kunihesabu. Akacheka, akaniandika kazini siku hiyohiyo. Wakati huo nilikuwa tayari na wajukuu wawili.

Dakta alitoka Morogoro, umbo dogo, buti kubwa, gari limejaa ndoo za plastiki. Kila mtu aliyekutana naye alipewa shikamoo, hata mdogo wangu, ambaye hakuwa mzee na alinuna wiki nzima. Alitaka wanawake kumi na wawili wa kuchimba mashimo. Nikawaita wenzangu kama tunavyoitana kwenye ngokela, ile kazi ya zamu ambayo leo tunalima kwa fulani, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba anapika. Akatueleza vizuri: mashimo kumi na mawili kwenye mstari, ndoo ndani ya shimo, mdomo wa ndoo ulingane na ardhi. Kisha akashuka kijijini kuonana na mwenyekiti.

Alipotupa kisogo tu tukafanya tunachokijua. Mwanamke wa Kimatengo ukimpa jembe, mteremko na nyasi, atachimba ngoro. Mama zetu walichimba ngoro, bibi zetu walichimba ngoro. Unalaza nyasi kwa miraba, unachimba udongo wa katikati unazifunika nyasi, unabaki na matuta pande nne na shimo kati, mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni na udongo hauendi popote. Tukachimba ngoro kumi na mbili, nzuri, zimenyooka, ungedhani tumepima kwa kamba. Kila shimo tukatia ndoo. Tukakaa tukanywa togwa, tumejipongeza.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tulimkuta Dakta amesimama pembeni na mzee mmoja mgeni, mwembamba, kofia ya nyuzi kichwani. Ndoo zilikuwa zimeng'oka zote zinaelea, kila moja katika bwawa lake. Ndani ya ndoo hamna kitu. Nje ya ndoo vyura wanaogelea kwa raha zao.

Yule mzee alikuwa Edmundi, Mnyasa wa Liuli, aliyewahi kushika nyoka kwa watafiti wengi kabla yetu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kwetu ziwani," akasema, "hivi tunaviita mitumbwi. Ninyi Wamatengo mnasafiri kwenda wapi?"

"Tunakuja Liuli kuwafundisha kulima," nikamjibu, "maana nasikia mnapanda usipa, hao dagaa wenu, mchangani mkingoja uote."

"Huyu," akamwambia Dakta, "huyu mwachie mimi."

Dakta alikuwa ameshachuchumaa, anapima matuta yetu kwa rula. "Bibi Otilia, shamba ni zuri mno," akasema. "Ila sijaja kulima maharage." Tukafukia, tukachimba upya, mashimo membamba ya kubana ndoo, chini ya ndoo tumetoboa matundu ya msumari maji yapite. Katikati ya mstari tukasimamisha ukuta wa nailoni, kimo cha goti. Mnyama akitembea anakutana na nailoni, hawezi kupita, anaifuata, anaifuata, hatimaye anatumbukia ndoo. Ni sawa na mtu anayefuata ukuta wa kanisa akitafuta mlango. Asubuhi unakuja, unamtoa, unampima, unamwachia. Hatukuua.

Ndoo zilikuwa na namba za rangi, moja mpaka kumi na mbili. Namba hunitoka kichwani, jina halinitoki. Kwenye ngokela kila mwanamke anajua kipande alicholima, na kikilimwa vibaya tunajua pa kwenda kulalamika. Basi nikaziita ndoo kwa aliyechimba. Ndoo ya Gaudensia ilikuwa penye mizizi ya mkuyu. Ndoo ya Benedikta, karibu na chemchemi. Ndoo ya Tekla, juu kabisa, mahali pakavu pa mawe, kwa sababu siku ya kugawana Tekla alichelewa. Mpaka leo nikisikia "ndoo namba kumi na mbili" sioni kitu. Nikisikia "ya Tekla" naona mpaka jiwe.

Mzee Edmundi ndiye aliyenifundisha, na kwa kuwa ameshatangulia mbele za haki naweza kumsifu bila yeye kuvimba kichwa. Alinifundisha kushika fimbo yenye ndoano, kumwinua nyoka katikati ya mwili na si karibu na mkia, maana ukimshika mkia unampa nafasi ya kuja kukuuliza kwa nini. Alinifundisha kwamba mfuko wa kitambaa unageuzwa na kukung'utwa kila unapotaka kuutumia. Kuna mtu aliyewahi kutia mkono kwenye mfuko wa jana, na nyoka wa jana alikuwa bado ndani. Alinifundisha kulowesha mikono kabla ya kushika chura, kwa sababu ngozi ya chura inapumua na jasho letu lina chumvi. Mizani yetu ilikuwa ndogo ya kuning'iniza, kama kalamu. Nilimpimia chura mzito kama punje tatu za mahindi. Nilipoanza nilidhani mizani ni mbovu.

Vinyonga viliniwia vigumu. Mnajua sisi tulivyokuzwa: ukimwona kinyonga unavuka upande wa pili wa njia, na mama mjamzito haruhusiwi hata kumtaja. Siku ya kwanza Edmundi aliponiwekea mkononi kale kadogo ka kahawia, kanakofanana na jani lililokauka, nilisema Salamu Maria tatu. Kalinishika kidole kwa vijiguu vyake, kakanitazama kwa jicho moja, la pili likamtazama Edmundi.

"Anatulinganisha," akasema Edmundi. "Anatafuta mwenye sura nzuri."

"Mbona jicho limeganda kwangu?"

"Ameogopa."

Kutoka siku hiyo sikuogopa tena, ila nyumbani sikusema. Mama mkwe wangu alikuwa bado hai.

Kazi iliyotutoa jasho kuliko zote ilikuwa ya yule wa ndoo ya Benedikta. Asubuhi moja Benedikta alipiga yowe, wote wakatupa majembe: "Nyoka! Hana macho!" Ndani kulikuwa na kitu kirefu kama shubiri mbili, cheusi, kinang'aa, ngozi laini yenye pete pete kama mnyoo aliyeshiba. Nikaenda na fimbo. Hakikupanda fimbo, kinateleza. Edmundi akaja, akalowesha mikono, akakiinua taratibu kwa viganja. Akakifunua mdomo kidogo: kuna meno. Akasema huyu si nyoka wala si mnyoo, ni jamaa ya vyura, anaishi chini ya udongo maisha yake yote, na mvua kubwa ndiyo inayomtoa. Benedikta akauliza, "Kama ni jamaa ya chura, miguu ameiweka wapi?" Dakta akasema hilo ndilo swali ambalo watu wanasomea mpaka wanazeeka. Benedikta alitembea siku mbili kijijini amenyanyua kidevu, kwa sababu ndoo yake imetoa swali.

Mara moja Edmundi alinishusha kwao Liuli, tukahesabu mijusi na kenge wa matete ya ufukweni, ili Dakta alinganishe wa chini na wa juu. Niliona ziwa, nikaona watoto wanaogelea kama vile hawana mama. Mkewe alinipikia usipa na ugali wa muhogo. Kwa adabu nilimaliza. Nilipopanda milima kurudi nilipumua hewa ya baridi, nikala maharage, nikapona.

Sasa mwaka wa kalamu. Huu msiupite haraka.

Mwaka ule maneno yalianza kijijini kwamba Msitu wa Juu ugawanywe. Watu wameongezeka, mibuni imezeeka, na ardhi ya msitu ni nyeusi, inavutia. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Gerold, mume wa Tekla. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na shamba la mawe. Kwenye kikao mwenyekiti akasema: hawa wenye ndoo wanadai mle ndani kuna viumbe vya kwetu pekee, basi waje mkutano wa kijiji, baada ya mvua za kwanza, watutajie kimoja kimoja. Kama vipo, tutafikiri. Kama hakuna kitu, tutagawana. Mimi chemchemi yangu inatoka katika ule msitu. Nyumba nyingi za upande wetu vilevile. Nililala vibaya.

Mvua za kwanza zikafika, na ndizo zinazoleta wanyama wengi. Wiki hiyohiyo Dakta akaitwa Morogoro, mama yake anaumwa. Akanikabidhi daftari. Mimi! "Kila siku, kila ndoo, Bibi. Ndoo ikiwa tupu, andika hakuna. Hakuna nayo ni habari. Na uandike kwa penseli."

Nisikilizeni vizuri hapa. Shuleni kwetu penseli ilikuwa ya darasa la kwanza na la pili. Ukifika la tatu Mwalimu anakupa kalamu ya wino mbele ya wote, na siku hiyo unarudi nyumbani ukitembea katikati ya njia. Nilikuwa bibi wa wajukuu, nimeaminiwa daftari la utafiti, halafu niandike kwa penseli kama mtoto anayejifunza kuumba a? Nikaenda dukani nikachukua kalamu ya bluu. Wiki tatu niliandika. Mwandiko ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe, mikia ya g imekunjika. Edmundi aliona, akasema, "Mmatengo, Dakta alisema penseli." Nikamwambia avue samaki, uandishi aniachie.

Siku ya mwisho tulikuwa tunashuka, mto umejaa, jiwe la kuvukia lina utelezi. Nilianguka nikakaa majini mpaka kifuani, begi likaingia kabla yangu. Nyumbani nilifungua daftari jikoni. Kurasa zilikuwa bluu kote, kama mbingu ya Juni. Hapakuwa na chura wala jina. Mkia mmoja wa g ulibaki.

Ilikuwa Alhamisi, na mkutano ulikuwa Jumamosi.

Dakta alifika Ijumaa mchana, amechoka, mama yake amepata nafuu. Sikumkaribisha hata maji kwanza. Ningengoja anywe, ningeimeza aibu yangu nisiseme. Nikamwekea daftari mapajani. Akalifunua, akalifunga. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Bibi," akasema, "kuna kitu chochote kilichobaki?"

"Kilichobaki kiko kichwani."

"Kiasi gani?"

"Chote."

Akanitazama. Halafu akatoa daftari lake mwenyewe, la mwezi uliotangulia, la penseli, la siku tulizokuwa pamoja. "Tarehe sita. Ndoo ya tano."

"Tano simjui. Ni nani?"

Akahesabu kwa vidole. "Ya Gaudensia."

"Vyura wawili wa majani makavu, mmoja hana kidole cha mguu wa nyuma. Mjusi mmoja mwenye mstari mwekundu ubavuni, alikuacha na mkia mkononi. Ni siku ambayo Edmundi alisusa uji kwa sababu una moshi."

Akaweka kidole kwenye mstari. Akaniuliza nyingine. Akaniuliza mpaka jua likageuka. Nilikosa moja tu: nilisema chura wa Benedikta alikuja Jumatano, daftari likasema Alhamisi.

"Umekosea moja," akasema.

"Au wewe ndiye uliyekosea kuandika."

Hapo ndipo alipocheka. Kisha akakaa sawa, akasema kwenye kitabu chake cha kazi atayaandika kando haya ya kichwani mwangu, na juu yake ataeleza kwamba yametoka kwenye kumbukumbu, maana haki ya msomaji ni kujua. Lakini kesho mkutanoni nisimame mimi niyataje.

Jioni ile Edmundi alinifuata jikoni. "Nimefikiri," akasema. "Ndoo ya Tekla ina nini?"

"Hakuna. Wiki tatu, hakuna."

"Gerold ana ukoo mzima nyuma yake. Mpe mkewe hata kinyonga kimoja, afurahi. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na nikianza kumgawia Tekla kinyonga, kesho Gaudensia atanidai chatu."

"Mmatengo," akasema, "una kichwa kama mawe ya kwenu." Lakini alisema kwa upole, akachukua kiazi akaenda.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Mwenyekiti akaniita. Sikuwa na karatasi. Nilianza kwa mama wa mwanzo wa mstari, nikataja jina, nikataja wake wote, siku kwa siku, nikapanda hivyo mama kwa mama. "Ndoo ya Gaudensia. Jumatatu, vyura watatu." Gaudensia, aliyekuwa amekaa na mtoto mgongoni, akanyoosha shingo. "Ndoo ya Benedikta. Yule asiye na miguu, amerudi." Wanawake wakapiga kigelegele. Kufika ndoo ya tisa watu walishaanza kuulizana wao kwa wao, mmoja anasema mbona mimi ni vyura tu na mwenzangu ana vinyonga vitatu, mwingine anamjibu wewe hujui kuchimba. Mwenyekiti akagonga meza.

"Ndoo ya Tekla," nikasema.

Nilimwona Tekla ameshika kitenge chake kifuani, anatabasamu, anangoja. Nilimwona Edmundi anatazama chini. Kinyonga kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, nawaambia ukweli, chenyewe na rangi yake.

"Hakuna," nikasema. "Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna."

Gerold aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Mmesikia wenyewe! Kasema mwenyewe! Huko juu hakuna kitu, mawe matupu. Mwenyekiti, tugawane tukalime!" Na nyuma yake wanaume wa ukoo wakaitikia. Nikaona chemchemi yangu inakauka kwa neno langu mwenyewe.

Halafu Tekla akasimama. Alikuwa amebadilika uso.

"Baba Fidelis, kaa chini."

"Mama Fidelis, ninasema kwa ajili yetu..."

"Kaa. Chini." Akakaa. "Nani kasema hakuna kitu? Wenzangu kumi na mmoja wote wamepata. Gaudensia kapata, na jembe lenyewe aliazima kwangu. Aliyekosa ni mimi. Sasa unataka ule msitu ukatwe leo, mimi nibaki na hakuna mpaka kufa? Watoto wangu waitwe watoto wa hakuna? Mwenyekiti, hesabu haijaisha. Mimi nachimba upya msimu ujao."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti mwenyewe akavua miwani akafuta macho. Lakini wanawake hawakucheka tu. Wakaanza kusimama mmoja mmoja: hata yangu iachwe, hata yangu, nataka nijue kama yule atarudi. Mikono iliponyooshwa, waliotaka tungoje msimu mwingine walikuwa wengi kuliko waliotaka kugawana. Gerold alinyoosha mkono pia, wa upande wetu. Tekla alikuwa anamtazama.

Msimu uliofuata Tekla hakuchelewa. Alichimba shimo lake mwenyewe, hatua kumi kutoka pale pa zamani, udongo laini, akasawazisha mdomo wa ndoo kwa kiganja kama anakandika nyumba. Kila kulipokucha alikuwa amefika kabla yetu. Siku kumi, hakuna. Siku ya kumi na moja nikamsikia anashuka mbio, kitenge kinafunguka, amekumbatia ndoo.

"Mama Otilia, andika! Andika haraka!"

Nikachungulia. Alikuwa panya.

"Tekla, panya hayumo kwenye orodha yetu."

"Kwani hana miguu minne?"

"Anayo. Ila ana manyoya."

Akamtazama yule panya muda mrefu, kama mtu anavyomtazama mjumbe aliyempigia kura akamwangusha. Akainamisha ndoo, panya akaingia majanini. Mimi nikatoa penseli, nikaandika, naye akainama begani kwangu anasoma kila herufi mpaka nikamaliza: Tekla, hakuna.

"Sawa," akasema, akaichukua ndoo yake kuirudisha shimoni. "Basi mwambie mwenyekiti hesabu bado."